Shingo Iliyopauka

Ndege wa Bugarama ndio walionifundisha kwamba transfo ina shingo.

Mpunga ukianza kujaza punje, ndege wanashuka juu ya tambarare kama waliosikia tangazo. Watu wa mashamba nao wanasimama mitaroni tangu alfajiri na makopo, filimbi na manati. Sasa, jiwe la manati halina kitambulisho wala halisimami mpakani. Linamkosa ndege, linavuka barabara, linaingia katika uwanja wa mashine yetu ya kukoboa, na kati ya vitu vyote vilivyomo linachagua transfo.

Transfo yetu, yaani transfoma ya umeme, ni pipa la chuma lililopandishwa juu ya nguzo mbili. Juu ya kifuniko chake zimesimama zile shingo. Kazi ya shingo ni kupitisha umeme mkali kutoka waya wa nje mpaka ndani ya tanki bila kugusa chuma cha tanki. Mafundi wanaziita bushingi. Sisi tunasema shingo, kwa sababu pale ndipo transfo inapokabwa ikitaka kufa. Ziko saba: tatu ndefu za umeme unaoingia, nne fupi za umeme unaotoka. Nilizihesabu kwenda na kurudi, maana niliwahi kuuziwa dazani ya sahani yenye sahani kumi na moja, na tangu siku ile hesabu ya kwanza huwa naiona kama uvumi tu.

Shingo zile za zamani zilikuwa za udongo mweupe wa kuchomwa, wa namna ya vikombe vizuri vya wageni. Na kama vikombe vya wageni, hazikuzeeka, zilivunjika. Jiwe moja lilimega ukingo wa moja, lingine likapasua nyingine mpaka kwenye shina, mafuta ya transfo yakaanza kutiririka ubavuni mwa tanki, na mashine ikanyamaza. Mashine ni ya chama chetu, watu wa familia chache za Kamembe, Mururu na hapo hapo Bugarama. Mimi kwetu ni Bukavu, niliolewa Kamembe, na ndani ya chama kazi yangu ni kununua. Wenzangu wananiamini kwa sababu hawajawahi kuniona nikinunua kitu bila kugombana nacho kwanza.

Nikapanda basi kwenda Kigali kutafuta shingo zisizoogopa mawe.

Muuzaji akaweka mezani mbili ndefu za aina mpya. Zote za kijivu, zote laini mkononi, zote za kauchu, yaani mpira wa kisasa uliotengenezwa kiwandani, unaoitwa silikoni. Zote zilikuwa na sketi, yaani zile duara zinazojitokeza moja chini ya nyingine, kama mwanamke aliyevaa nguo zake zote siku ya kuhama. Akasema ni kitu kimoja, tofauti ni kiwanda tu. Nikahesabu sketi kutoka juu. Nikahesabu tena kutoka chini. Shingo moja ilikuwa na sketi pungufu.

Akasema sketi mbili tatu si neno. Nikamwambia vizuri sana, kama si neno, basi anipe ile yenye nyingi kwa masharti ya ile yenye chache. Akacheka, akavuta kiti, akaanza kunieleza kwa nini haiwezekani: umeme ukitaka kutoroka hutambaa juu ya ngozi ya shingo, na kila sketi inaurefushia njia, mahali penye ukungu na vumbi, sketi nyingi ndiyo usalama wenyewe. Nilimwacha aeleze mpaka mwisho. Kisha nikamuuliza kama Bugarama, yenye ukungu wa asubuhi na pumba za mashine mchana kutwa, ni mahali pa aina gani. Alikuwa amejifunga kamba yake mwenyewe, mimi nilimshikia ncha tu. Nilitoka pale na shingo zenye sketi nyingi, na mipira mipya ya kuzibia mafuta, na ahadi kwamba fundi anayeaminiwa naye, mkazi wa Kamembe, ataniletea vyeti vyake na kuzifunga mwenyewe.

Zikafungwa. Msimu ule wa ndege tulisikia mawe yakigonga kule juu, *pu*, kama mtu anayepiga mto wa kulalia, kisha yakaanguka chini kwa aibu. Hakuna kilichovunjika. Nilitembea katika uwanja ule kama aliyeshinda bahati nasibu. Hata mwenyekiti wetu, tunayemwita Papa Prezida, mzee anayevaa viatu vinavyoonyesha mawingu, alikuwa akiwasimamisha wageni barabarani na kuwaonyesha kwa fimbo: ile ni kauchu, ile haivunjiki.

Msimu ukapita, ukaja mwingine, na mvua za mavuno zikaanza.

Asubuhi moja yenye ukungu tulisikia sauti kutoka kwenye transfo. Nitaieleza kama ilivyokuwa: ni sauti ya sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, wanaposhushwa kwenye mafuta ya moto. *Chiii*, kisha kimya, kisha *chiii*. Jua lilipotoka ikaacha. Siku ya pili ukungu ulikuwa mzito zaidi, sauti ikarudi na mwanga mdogo wa buluu ukawa unatambaa kwenye shingo ya katikati kama mdudu anayetafuta mlango. Zamu, mlinzi wetu wa geti, alikataa kukaa upande ule wa uwanja. Siku ya tatu kukawa na mlio mmoja mkubwa, fuse za juu ya nguzo zikaanguka, na mashine ikasimama na mpunga mdomoni.

Mwenye kujua mavuno anajua maana yake. Uwanja wa kuanikia ulikuwa umejaa, stoo imejaa, magunia ya watu wa Rwimbogo yameteremshwa usiku uliopita, na mvua haikuwa na mpango wa kumsubiri mtu. Mpunga ukikaa umerundikwa katika joto la Bugarama unaanza kupata moto wa ndani na harufu, na mwenye mpunga hangoji harufu. Anaupakia kwenye lori anaupeleka kwenye mashine nyingine ya barabara ya Ruhwa, na akishazoea njia ile harudi.

Jioni tulikaa kikao cha dharura. Nilijua nitahukumiwa, ila sikujua kama nitapewa nafasi ya kusema. Mama mmoja wa Mururu, mwenzetu wa siku nyingi, mwenye ulimi unaoweza kumenya viazi, ndiye aliyeanza.

"Maman, kauchu ni ya kambambili," akaniambia. "Uliona wapi kambambili inabeba kura?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kilinigharimu zaidi ya hotuba. Kwetu umeme tunauita kura, neno tulilolitoa katika Kifaransa, courant, na kulivua viatu. Na kura nyingine ni ile inayojulikana na kila mtu, ya kunyoosha mkono. Kwa hiyo lililoletwa mezani, kusema kweli, lilikuwa ni kupiga kura juu ya kura: kauchu ing'olewe, tuagize tena shingo za udongo. Kuziagiza, kuzisafirisha na kuzifunga kungechukua muda wote wa mavuno. Kila aliyekuwemo alijua. Lakini watu walioogopa ule mdudu wa buluu waliona heri kupoteza mavuno kuliko transfo nzima. Papa Prezida naye, yule yule wa kuonyesha wageni kwa fimbo, alisema kwa huzuni kwamba kauchu imemvunja moyo. Kikao cha kuamua kikawekwa kesho yake, baada ya fundi kuangalia.

Fundi alifika asubuhi. Watu wa umeme walikata laini, wakapima kuhakikisha hakuna kitu, wakafunga waya wa kupeleka ardhini chochote kilichobaki, ndipo fundi akapanda. Ni kijana wa diploma, anaongea Kifaransa na Kiswahili kwa zamu bila kumuonya msikilizaji. Nilisimama chini na kumwangalia akipuliza maji kwa kichupa cha kunyunyizia, kama cha saluni. Alikuwa amenieleza tangu mwaka wa kwanza: kwenye silikoni nzima maji hukataa kukaa, yanakuwa shanga shanga na kuteleza, kama juu ya jani la iteke, yaani gimbi. Palipo na shanga umeme hauna njia. Palipo na utando wa maji, ndipo unapopata barabara.

Safari hii hapakuwa na shanga. Maji yalitanda na kukaa.

Akafuta shingo ya katikati kwa kitambaa cheupe, akakitazama, akaguna, akanitupia. Kitambaa kilikuwa na ugali. Sisemi kwa mfano: pumba za mpunga zilizoshikana, nzito, za kahawia, zinazoweza kufinyangwa tonge. Vumbi la kawaida huwa linakauka na kupeperuka. Nimefagia mashine ile miaka mingi, nalijua. Hili lilikuwa limeshikwa na kitu. Nikalisugua kati ya vidole. Nimeuza mitumba, na mtu aliyeuza mitumba anajua kiatu kilichopakwa mafuta ili kionekane kipya. Vidole vinateleza kabla ya macho kudanganyika. Nikanusa.

Ilinukia mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Yale mafuta mazito ya kopo ya watoto wachanga, yenye manukato, yanayouzwa kila duka kutoka Kamembe mpaka mpakani. Nilinusa mara ya pili, kwa desturi yangu. Ni mtoto. Nikageuka kumtafuta mtu wa kumwambia, na mtu wa kwanza aliyekuwa karibu alikuwa Papa Prezida, aliyekuja kwa haraka na kuniwekea mkono begani kunipa pole. Nikabaki nimesimama. Harufu ilikuwa inakuja kutoka pande mbili.

Ningeweza kupiga kelele pale pale. Watu wote wa chama walikuwa getini, na mimi ndiye niliyekuwa nikielekea kuhukumiwa. Lakini mfanyabiashara hamalizi bidhaa yake sokoni saa ya kwanza. Nikamvuta mzee nyuma ya stoo, nikamwekea kitambaa mkononi.

"Papa Prezida," nikamwambia, "transfo inanukia sawa na weye."

Alikitazama kitambaa muda mrefu. Kisha akatazama mikono yake, mikono inayong'aa ya mtu anayejipenda bila kumkosea mwingine.

"Ilikuwa inapauka, Maman," akasema.

Na hapo nikaelewa kila kitu, na ole wangu, nikamwelewa vizuri sana. Kwetu ngozi iliyopauka ni kashfa. Mtoto hatoki nyumbani na magoti meupe. Atakayechekwa ni mama yake. Silikoni, ikishakaa juani, hupoteza ule mng'ao wa dukani na kuwa na rangi ya vumbi. Haiumwi, ndivyo ilivyo. Lakini mzee alikuwa akipita kila siku akiiona ile mali yetu imesimama barabarani, mbele ya wasafiri wa Burundi, imepauka kama magoti ya mchunga mbuzi. Mwishoni mwa kiangazi, akanieleza, laini ilipokatwa kwa usafi wa mwaka, fundi alikwenda kula maharage na ngazi ikabaki. Mzee alipanda mwenyewe na kopo lake. Hakumtuma mtu. Alizipaka zote saba, sketi kwa sketi, akashuka akiwa ameridhika. Pumba zikaja zikakuta mezani pameandaliwa. Ukungu ukaja ukakanda.

Nilimwambia nataka kitu kimoja tu: kura isipigwe leo. Nikaomba siku tatu. Akasema haiwezekani, watu wamekwisha kasirika, labda mpaka jioni. Nikashuka siku mbili. Akapanda mpaka kesho asubuhi. Nikafanya uso wa mtu aliyeibiwa, nikakubali. Kesho asubuhi ndiyo niliyokuwa nikiitaka tangu mwanzo. Nami, kwa upande wangu, nikamwahidi kwamba harufu ile itabaki nyuma ya stoo.

Fundi nilimwambia kuna mafuta, sikumwambia ya nani. Alikasirika kwa lugha zote mbili. Kutoka juu ya ngazi akanihubiria kwamba silikoni haitaki mafuta ya mtu, wala petroli ya kuisafishia, kwa sababu inavimba na kuharibika. Haitaki brashi ya waya wala msasa. Inataka maji safi, kitambaa laini, na kwa uchafu sugu kama huu, ile alkoli safi isiyoacha mafuta. Akasafisha shingo zote saba sketi kwa sketi, upande wa juu na upande wa chini, kila kitambaa kikichafuka anatupa. Akatafuta alama za kuungua kwa kidole na kwa tochi. Zilikuwepo mbili, za juu juu, hazikuingia nyamani. Akapima kama umeme unavuja, haukuvuja. Kisha akapuliza maji.

Shanga zilikuja nusu. Sehemu nyingine bado zilitanda.

Nilihisi magoti yangu mwenyewe yakipauka. Nikamuuliza tufanye nini zaidi.

"Tusifanye kitu," akasema. "Iko najipakaa yenyewe, Maman. Inatoa mafuta yake ndani pole pole. Tuiache ipumzike."

Mbele ya watu waliokuwa getini, maneno *tusifanye kitu* yalikuwa maneno mabaya kuliko yote. Mama wa Mururu aliyasikia na kuyapitisha kwa wengine yakiwa yameongezewa chumvi. Lakini kesho asubuhi nilikuwa nimekwisha inunua, na bidhaa iliyonunuliwa hairudishwi. Laini ilibaki imekatwa. Tuligeuza mpunga kwa majembe ya mbao usije ukashikana, wanawake na wanaume, mpaka mikono ikakataa, na hakuna gunia lililotoka getini.

Asubuhi ukungu ulikuwa mnene kiasi cha kuficha nguzo. Chama chote kilikuwepo. Fundi akapanda, akapuliza maji kwenye shingo ya kwanza, akapuliza ya pili. Akaniita nipande ngazi nione. Sina mwili wa ngazi, lakini nilipanda.

Maji yalikuwa shanga. Duara, safi, zimesimama juu ya ile ngozi iliyopauka kama zimekatazwa kuigusa. Nikapuliza mwenyewe. Zikakimbia ukingoni na kuanguka. Nikazipitia shingo zote saba kwa kichupa, kisha nikarudi kutoka ya saba mpaka ya kwanza, na fundi alijua kutonizuia.

Tulikaa kikao pale pale chini ya mabati ya stoo. Fundi akaeleza kilichopatikana: mafuta yaliyopakwa, pumba, ukungu. Akamaliza. Nikawa natazama chini. Mama wa Mururu akauliza, na lilikuwa swali la haki, nani aliyepaka. Watu wakatazamana, halafu kama maji yanayojua bonde, macho yote yakamwendea zamu. Yeye ndiye anayelala uwanjani, yeye ndiye anayeshika ngazi. Mtu akasema afukuzwe. Mwingine akasema afukuzwe leo.

Niliahidi kunyamaza, na ahadi ile ilianza kuniwasha. Nilikuwa nimekwisha nyanyuka nusu ya benchi Papa Prezida alipogonga fimbo chini.

"Muache zamu," akasema. "Ni mi nilipakaa."

Hakuna aliyecheka. Mzee akaendelea, polepole, akieleza jinsi alivyoona ile kintu ya maana inapauka barabarani, na jinsi alivyofikiri kitu kinachotunzwa lazima king'ae. Akasema alikuwa tayari kuacha uprezida. Mama wa Mururu ndiye aliyemjibu.

"Na siye tulikuwa tunajiuliza," akasema, "ni mutoto gani banaogesha kule juu."

Hapo hata paka wa stoo alikimbia kwa kicheko kilichotoka. Mzee alicheka mpaka akashika nguzo. Uprezida hakuna aliyeutaka urudishwe. Kisha mkono ukanyooshwa kwa mkono, na kauchu ikabaki, na hakuna hata mmoja aliyekataa. Nilihesabu mikono mara mbili, na mara ya pili niliihesabu kwa raha tu.

Watu wa umeme wakarudisha fuse moja baada ya nyingine. Sote tulikuwa tumesimama na shingo zetu wenyewe zimenyooka, tukisikiliza. Ukungu ulikuwa ukidondoka kutoka kwenye nyaya. Juu ya transfo hakukuwa na sambaza, hakukuwa na mdudu. Kulikuwa na ule mngurumo wa chini tu wa transfo inayofanya kazi bila malalamiko. Kisha mtu wa mashine akabonyeza kitufe, mkanda ukashika, sakafu ikatetemeka miguuni, na mchele mweupe ukaanza kumwagika. Wanawake wa Rwimbogo walipiga vigelegele vilivyosikika mpaka mashambani, na nadhani ndege waliondoka bila jiwe.

Tulikoboa mavuno yote. Kulikuwa na asubuhi ambazo ukungu ulikuwa mnene kuliko ile ya kikao, na mvua ya mawe moja iliyopiga shingo zile kama manati ya mbinguni. Nilikuwa nikienda chini ya transfo kusikiliza, na sikusikia kitu. Sijawahi kununua kitu kilichonifurahisha kama kile kimya.

Mpunga wa mwisho ulipokuwa ukimalizika, wakaja watu wawili wa ile mashine nyingine ya barabara ya Ruhwa, ile iliyokuwa ikitusubiri tuanguke. Shingo zao za udongo zilikuwa zimepigwa mawe, mafuta yanavuja, na wateja wao wamesimama kwenye mlango wetu. Walizunguka wakitazama juu, kisha wakaniuliza, kwa heshima ambayo sikuwa nimewahi kuiona kwao, kauchu ile tuliipata wapi na kwa masharti gani.

Nikawaletea viti na kuagiza chai. Bei haianzi na mtu aliyesimama.